Kutoka Tepu za Pugu Road hadi Kompyuta za Isansa

Kwa miaka mingi nyimbo zilizosikika Isansa, kata ya Wilaya ya Mbozi, zilirekodiwa mbali na Isansa. Zilifika kwa gramafoni za wanaume waliorudi kutoka migodi ya Copperbelt, kwa redio kutoka Dar es Salaam na Lusaka, kwa kaseti zilizonunuliwa Mlowo au mpakani Tunduma. Mkulima wa kahawa wa Mbozi aliweza kuitambua sauti ya Salum Abdallah wa Morogoro kabla mtangazaji hajataja jina. Lakini sauti yake mwenyewe, au ya kwaya ya kanisa alilobatizwa, hakuwahi kuisikia ikitoka kwenye spika. Siku hizi kijana wa kata hiyohiyo, mwenye kompyuta mpakato na maiki moja, anairekodi kwaya hiyo ndani ya chumba cha nyumba ya wazazi wake. Wanamuziki wetu wanapobishana kama sauti ya analojia ni tamu kuliko ya dijitali, huanza na mitambo na kuishia kwenye mitambo. Mimi naona mabishano hayo hayawezi kueleweka bila kujua jinsi muziki wetu ulivyorekodiwa, nani alikuwa chumbani, na nani aliachwa nje ya mlango.

Tuanze na santuri. Machi 1928 Siti binti Saad na kundi lake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi taarabu kwa kampuni ya HMV. Shaaban Robert alikuja kuandika wasifu wa mwanamke huyo, na safari ile imebaki kuwa mojawapo ya matukio makubwa katika historia ya lugha yetu. Maiki za umeme zilikuwa zimeingia studio miaka mitatu tu kabla, mwaka 1925. Kabla ya hapo mwimbaji aliimbia ndani ya pembe kubwa, na nguvu ya pumzi zake ndiyo iliyoitikisa sindano. Sasa maiki iligeuza mtetemo wa hewa kuwa umeme, umeme ukasukuma sindano, na sindano ikachora mfereji kwenye nta. Mfereji ule ulifuata umbo la sauti bila kukatika: sauti ikipanda, nao unapinda zaidi. Hiyo ndiyo analojia. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi, basi, na mpiga udi akikosea katika dakika ya pili kundi zima lilianza upya.

Sheria hiyo ya kupiga pamoja na kumaliza pamoja ilitawala kwa zaidi ya miaka arobaini katika nchi zetu, hata pale nta ilipoachwa na tepu ikashika nafasi yake. Mfano ninaoupenda kuliko yote umetoka ng'ambo ya mpaka wetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nusu ya Afrika kukusanya muziki, alifika Jadotville huko Katanga, mji ambao leo unaitwa Likasi. Alisafiri na mitambo yake garini pamoja na jenereta, na jenereta hiyo aliiweka mbali kwa waya mrefu ili ngurumo yake isiingie kwenye rekodi. Maiki aliishika kwa mkono, akiisogeza kuelekea palipokuwa na sauti aliyoitaka. Pale Jadotville alimkuta Mwenda Jean Bosco na gitaa lake, na akarekodi wimbo uitwao Masanga. Mtu mmoja, gitaa moja, maiki moja, Kiswahili cha Katanga. Rekodi hiyo bado inafundisha wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani.

Kwa watu wa kusini-magharibi mwa Tanganyika, Katanga na Copperbelt hazikuwa nchi za mbali. Wanyiha, Wanyamwanga na Wanyakyusa walikwenda huko kutafuta kazi migodini, na walirudi na mablanketi, baiskeli na gramafoni za kuzungusha kwa mkono. Lusaka nayo ilikuwa na kituo cha redio kilichotangaza kwa lugha za Waafrika. Mwaka 1949 mkuu wa habari wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Harry Franklin, aliishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya bei nafuu inayotumia betri kwa ajili ya watu wasio na umeme. Iliuzwa paundi 5, na umbo lake la duara liliipa jina la sufuria. Alick Nkhata, mwanamuziki ambaye mwenyewe aliwahi kusafiri na Tracey katika ziara za kurekodi, alikuwa mmoja wa watangazaji na waimbaji wa kituo hicho. Mawimbi ya redio hayaonyeshi pasi mpakani. Masikio ya Mbozi yalikua kati ya vituo viwili, cha kusini na cha mashariki.

Kile cha mashariki kilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, kikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 serikali ikakichukua moja kwa moja na kukiita Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyumba yake ilikuwa Pugu Road, barabara ambayo sasa inaitwa Nyerere. Hapa lazima nikae kidogo, maana bila studio ya RTD hatungekuwa na kumbukumbu ya sauti ya taifa hili katika miaka yake 25 ya kwanza.

Bendi zilitoka mikoani: Tabora Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Jamhuri Jazz ya Tanga, Tancut Almasi ya Iringa. Nyingine zilikuwa za mjini hapohapo, kama Western Jazz, NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na DDC Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978. Mashairi yalipelekwa kwanza yakasomwe na kuidhinishwa. Kisha bendi iliitwa studio. Hakukuwa na mambo ya kuingiza ngoma leo, besi kesho na sauti wiki ijayo. Bendi nzima iliingia chumba kimoja: solo, gitaa la pili, ridhimu, besi, ngoma, tumba, matarumbeta, saksafoni, na waimbaji wakiwa wamekaribiana. Maiki zilikuwa chache, na mchanganyo wa sauti ulimalizwa palepale huku muziki ukipigwa. Fundi mitambo akishanyanyua mkono, hakuna kitu kilichoweza kusahihishwa baadaye. Jina la fundi James Mhilu linatajwa hadi leo na wanamuziki wa wakati ule kwa sababu sauti waliyoisikia redioni ilitoka mikononi mwake.

Fikiria maana yake kwa mpiga saksafoni. Akitaka sauti yake ikae nyuma, anarudi hatua mbili. Zamu yake ya kupiga peke yake ikifika, anasogea mbele. Waimbaji nao wanajua nani asimame karibu na nani mbali ili kiitikio kisimfunike kiongozi. Kazi ambayo leo inafanywa kwa vitufe kwenye skrini ilifanywa kwa miguu, na ilifanywa na wanamuziki wenyewe baada ya kukaa pamoja ukumbini usiku baada ya usiku. Waimbaji wa Mlimani Park, Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka, Cosmas Chidumule na Hamisi Juma, hawakuhitaji kuambiwa sauti zao zikae vipi. Michael Enoch, mwalimu wa bendi, alikuwa ameshazipanga kabla hawajaondoka ukumbini.

Tepu yenyewe ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa oksidi ya chuma. Unapita mbele ya sumaku ndogo inayoitwa kichwa, na chembe za chuma zinapangwa upya kufuata umeme unaotoka kwenye maiki. Mtambo wa studio huuendesha ukanda huo sentimita 19 au 38 kwa sekunde. Kadiri unavyokwenda kasi ndivyo chuma kingi zaidi kinavyopatikana kwa kila sekunde ya muziki, na ndivyo matoazi na herufi kama s na ch zinavyosikika safi. Tepu ina kasoro zake, na mtu anayeipenda kwa kweli anazijua: mchirizo wa chini usioisha, kasi inayoyumba kidogo mota ikichoka, sauti ya mzunguko mmoja inayopenya na kusikika kwa mbali kwenye mzunguko wa juu yake ukanda ukikaa miaka mingi bila kuchezwa. Lakini ina tabia moja ya ukarimu. Ukiizidishia sauti, haikatiki ghafla. Inabanwa polepole, ncha kali zinalainika, na sikio linaona kama sauti imenenepa. Huo ndio unaoitwa utamu wa analojia, na upo kweli.

Tatizo la RTD lilikuwa jingine kabisa. Ilirekodi ili itangaze. Mwanamuziki alilipwa kidogo, na aliyetaka santuri ya kuuza alilazimika kwenda Nairobi, kwenye kampuni na kiwanda. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa Februari 1977, njia hiyo nayo ikawa ngumu hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Na kwa mtu wa Isansa, asiye na bendi inayojulikana wala nauli ya kumfikisha Dar es Salaam, mlango wa Pugu Road haukuwepo kabisa. Studio moja kwa nchi nzima maana yake ni kwamba muziki wa maeneo mengi ulibaki pale ulipopigwa, harusini na misibani, na ulikwisha ngoma ilipokwisha.

Kaseti ndiyo iliyoanza kulegeza fundo hilo. Kampuni ya Philips iliitambulisha mwaka 1963, ikiwa ndogo kiasi cha kuingia mfukoni, ikienda sentimita 4.76 tu kwa sekunde. Mafundi wa studio waliidharau. Kwetu ilikuwa ukombozi, kwa sababu redio kaseti ilikuwa na kitufe chekundu. Kwa mara ya kwanza mtu wa kijijini aliweza kurekodi. Alirekodi salamu za redioni, alirekodi wimbo wa Mlimani Park uliopigwa Jumamosi mchana, alirekodi mahubiri na kwaya. Betri zikianza kuisha kasi inashuka, sauti ya mwimbaji inazama taratibu, basi zinatolewa na kuanikwa juani zipate nguvu ya nyimbo mbili tatu zaidi. Ukanda ukiliwa na redio unatolewa kwa uangalifu, unarudishwa kwa kalamu ya Bic, na pale ulipokatika unaungwa kwa gundi ya karatasi.

Kila nakala ilikuwa mbovu kuliko ile iliyoizaa. Mchirizo wa kaseti ya kwanza unaingia kwenye ya pili, ambayo ina wa kwake, na nakala ya nne ilisikika kama wimbo unaopigwa nyuma ya ukuta. Wapenzi wa analojia wa leo hawaisemi sana habari hii. Sisi tuliolelewa na kaseti za kunakili hatukuwahi kuisikia analojia ya studio. Tulisikia analojia iliyochoka.

Wakati huohuo, katika nchi zilizokuwa na fedha, kaseti ilizaa kitu kingine. Mwaka 1979 kampuni ya Tascam ilitoa Portastudio, mashine ya mezani iliyogawa ukanda wa kaseti ya kawaida katika njia nne na kuuendesha kwa kasi maradufu. Mtu aliweza kupiga gitaa kwenye njia ya kwanza, kurudi nyuma, akaimba kwenye ya pili huku akilisikiliza gitaa lake mwenyewe. Bruce Springsteen alirekodi nyimbo za albamu ya Nebraska nyumbani kwake kwa mashine ya aina hiyo mwaka 1982, akikusudia ziwe mazoezi tu, na mwishowe kaseti hiyo ndiyo iliyotolewa. Kurekodi nyumbani kwa maana ya sasa kulianzia hapo. Tanzania ya miaka ile, yenye foleni za sukari na uhaba wa fedha za kigeni, haikuwa na nafasi ya kuagiza mashine za namna hiyo kwa wingi.

Kisha mambo yalikwenda haraka. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu redio binafsi, na Radio One ikaanza mwaka 1994. Bendi zilizolelewa na mashirika ya umma zilikosa mlezi mashirika yalipoyumba. Studio ya Don Bosco jijini Dar es Salaam ikawa kimbilio la bendi na kwaya, na baada yake zikaja studio za vijana: Mawingu, MJ Production ya Master J, Bongo Records ya P-Funk. Saleh Jabir alishaonyesha mwaka 1991 kwamba Kiswahili kinaweza kufokwa juu ya muziki wa Kimarekani. Joseph Mbilinyi, yaani Mr II au Sugu, alitoa Ni Mimi mwaka 1995 na Ndani ya Bongo mwaka 1996, na vijana wa Nyanda za Juu Kusini walimchukua kama wao muda mrefu kabla hawajampa ubunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Studio hizi hazikuwa na chumba cha kuingiza bendi ya watu kumi na wawili. Hazikukihitaji. Zilikuwa na kinanda, kompyuta, na kibanda cha mwimbaji mmoja.

Ndani ya kompyuta hiyo sauti inashikwa kwa njia tofauti kabisa na ya tepu. Umeme unaotoka kwenye maiki hupimwa mara nyingi sana kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba. Kanuni ya CD, iliyowekwa na Philips na Sony na kuingia sokoni mwaka 1982, ni vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kimoja kikichaguliwa kati ya ngazi 65,536. Wengi wanadhani kati ya kipimo kimoja na kingine kuna pengo, na kwamba utamu umedondokea humo, kama picha za sinema zinazorukaruka. Hesabu zinakataa. Vipimo vikiwa zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaotakiwa, wimbi la awali linarudi zima wakati wa kucheza, na 44,100 inatosha kwa mitetemo hadi 22,050 kwa sekunde, ambayo inapita uwezo wa sikio la mtu mzima. Dijitali haina pengo. Ilichokosa ni ule ukarimu wa tepu: ukizidisha sauti juu ya ngazi ya mwisho, wimbi linakatwa kichwa na spika inakwaruza papo hapo.

Sasa niseme ninachokiamini. Leo karibu kila mtu anayezisifu rekodi za RTD kwa joto lake amezisikia kwa dijitali. Nyimbo za Mlimani Park zilitoka kwenye tepu zikaingia kwenye CD iitwayo Sikinde katika miaka ya 1990. Mtafiti Werner Graebner alikusanya nyimbo za bendi nyingine za miaka ya 1960 katika mfululizo wa Zanzibara mwaka 2007. Kutoka hapo zimekwenda kwenye kompyuta, kwenye simu, kwenye memori kadi zinazojazwa nyimbo kwenye vibanda vya Vwawa. Zimepita kwenye namba 44,100 kwa sekunde, na joto halijapungua. Kwa hiyo tepu peke yake haiwezi kuwa ndiyo iliyolileta. Sehemu kubwa ya joto lile imetoka chumbani. Gitaa la solo limeingia kwenye maiki ya mwimbaji, tumba limegonga ukuta likarudi, waimbaji wamevuta pumzi pamoja kwa sababu wanaonana macho kwa macho. Maiki ilishika watu wakisikilizana. Tepu ilihifadhi hali hiyo, na ingeweza kuhifadhiwa na chochote.

Nadhani hilo linawahusu vijana wa Isansa kuliko mtu yeyote, kwa sababu wao hawana studio ya zamani ya kuililia. Wameingia moja kwa moja kwenye kompyuta.

Studio ninayoijua ipo katika chumba cha nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa kwa bati. Ukutani zimetundikwa trei za mayai, ambazo kwa kweli hazizuii sauti kwa kiasi wanachodhani, na nyuma ya mwimbaji limesimamishwa godoro, ambalo linasaidia sana. Mezani kuna kompyuta mpakato ya mtumba na kisanduku kidogo cha kuingizia sauti kinachoipa maiki volti 48 inazozihitaji. Programu ni FL Studio, iliyozaliwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, na ambayo imelea watayarishaji wa Afrika Mashariki kuliko chuo chochote. Toleo lake la majaribio linakuruhusu kutengeneza wimbo na kuutoa, lakini ukilifunga faili huwezi kulifungua tena ukaendelea. Kijana anayejifunza kwa toleo hilo anajikuta akimaliza wimbo kwa kikao kimoja, kwa hofu, bila kujua kwamba bendi za Pugu Road zilifanya kazi kwa sharti linalofanana na hilo.

Adui mkubwa wa studio hii ni mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili Mbozi hunyeshewa vilivyo, na tone moja kwenye bati ni kubwa kuliko alto ya kwaya. Mvua ikianza kazi inasimama, watu wanakaa kwenye mabenchi wanasubiri. Adui wa pili ni umeme, unaopanda na kushuka. Betri ya kompyuta inaokoa kilichokwisha kurekodiwa, lakini maiki na spika vinaleta mngurumo wa chini wa mizunguko 50 kwa sekunde kila waya wa ardhini unapolegea. Halafu kuna majogoo, pikipiki na mashine ya kukoboa mahindi. Kwaya nyingi huja kurekodi baada ya kahawa kuuzwa, fedha zinapokuwepo, na bahati nzuri huo ndio wakati wa kiangazi.

Kwaya moja ya kata hii nimeisikia katika rekodi mbili za wimbo uleule, na tofauti yake imenifundisha zaidi ya vitabu. Ya kwanza ilifanyika chumbani. Wanakwaya zaidi ya ishirini hawakutosha, wakaingizwa kwa makundi: soprano wanne, wakatoka, alto wanne, wakatoka, kisha teno, kisha besi, kila kundi likiwa na spika za masikioni na mdundo wa kompyuta unaogonga. Mtayarishaji akanyoosha noti zilizopinda kwa programu ya kurekebisha sauti, uvumbuzi ulioingia sokoni mwaka 1997 kwa jina la Auto-Tune na ambao sasa uko kila mahali. Akarudufu kila kundi ili isikike kwaya kubwa. Kila noti ilikuwa mahali pake. Mwalimu wa kwaya aliisikiliza hadi mwisho na kusema wanaimba vizuri, lakini hao si wao.

Ya pili ilirekodiwa kanisani usiku, kwa kompyuta ileile na programu ileile. Maiki mbili zilisimamishwa hatua kadhaa mbele ya kwaya nzima, soprano kushoto, besi kulia na nyuma, ngoma mlangoni kabisa ili isiwameze. Mama mmoja mwenye sauti kali aliombwa arudi mstari wa mwisho. Hakukuwa na mdundo wa kugonga masikioni. Katika ubeti wa tatu wimbo unakwenda kasi kidogo kuliko ulivyoanza, kwa sababu walichangamka, na mtu anasikika akikohoa. Hii ndiyo inayopigwa harusini. Hii ndiyo iliyosambaa kwenye simu hadi Tunduma na ng'ambo, Nakonde. Mtayarishaji mwenyewe hakuwahi kusikia habari za James Mhilu wala za Tracey na waya wake mrefu, lakini alifika palepale walipofika wao, kwa sababu maiki mbili na watu ishirini ni fumbo lilelile katika kila zama.

Sitaki kusema kazi ya chumbani ni bure. Mwimbaji wa Bongo Fleva anayetunga peke yake usiku anaihitaji, na nyimbo zilizotengenezwa hivyo zimewapa ajira na majina vijana ambao RTD isingewafungulia mlango. Hata gharama imegeuka. Zamani uhaba wa tepu uliwafanya watu wafikiri kabla ya kubonyeza kitufe. Siku hizi kubonyeza hakugharimu kitu, na kasoro za wimbo zinaahirishwa hadi wakati wa kuchanganya. Mtayarishaji mzuri wa Isansa ni yule anayeifanyisha kwaya mazoezi siku tatu kabla hajawasha mashine.

Jambo moja ambalo analojia imetushinda kabisa ni kudumu, na ni ajabu kwa sababu dijitali ilikuja ikiahidi kutochakaa. Tepu za RTD zilirithiwa na Taasisi ya Utangazaji, kisha na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) mwaka 2007, na mradi wa Tanzania Heritage ulipochangisha fedha mwaka 2012 ili zihamishiwe kwenye kompyuta, rekodi za nusu karne zilikuwa bado zinacheza. Kazi hiyo ni ya polepole kwa asili yake: saa moja ya tepu inahitaji saa moja ya kuicheza, mashine nzima ya tepu, kichwa kilichosafishwa kwa spiriti, na mtu wa kukaa hapo akisikiliza. Lakini muziki upo. Nimetafuta rekodi za kwanza za dijitali za kwaya za Mbozi, zilizofanywa miaka kumi na kitu tu iliyopita, na nyingi hazipo. Kompyuta iliharibika, diski ikafa, CD zilizochomwa nyumbani zikabanduka utando. Kilichobaki ni MP3 zilizobanwa na kubanwa tena kila zilipotumwa, na baadhi ni video za simu za zamani zilizopima sauti mara 8,000 tu kwa sekunde, ambamo matoazi yamepotea na soprano anasikika kama anaimba ndani ya kopo. Hizo zimechoka kuliko nakala ya nne ya kaseti.

Wimbo wa dakika nne ukihifadhiwa kamili kwa kanuni ya CD unachukua megabaiti 42 hivi, na ukibanwa kwa MP3 ya kilobiti 128 unachukua chini ya 4. Memori kadi zilipokuwa ghali, watu walichagua faili ndogo na kuifuta kubwa, nayo haiwezi kurudi. Leo flash ya gigabaiti 16 inabeba zaidi ya nyimbo 300 kamili. Baada ya ile rekodi ya kanisani nilimwomba mtayarishaji asifute faili kubwa. Sasa kila kazi anaitoa nakala mbili: moja inabaki kwake, nyingine anakabidhiwa katibu wa kwaya, anayeiweka kwenye kabati la daftari za ubatizo. Wamoravia walianza misheni ya Mbozi mwaka 1899, na makanisa ya huku yanajua kutunza daftari.

Kazi inayofuata imeshapangwa. Kahawa ikishauzwa, kabla mvua za Novemba hazijaanza, wanakusudia kurekodi nyimbo za Kinyiha ambazo wazee wa usharika wanaziimba bila kitabu. Mtayarishaji alipendekeza wazee waje chumbani kwake mmoja mmoja. Mwalimu wa kwaya amekataa. Wataimba kanisani, wote kwa pamoja, maiki mbili.